Ndani ya Blanketi la Tankiso

Wasomaji waliokuwa nami juma lililopita waliniacha nyuma ya nyumba, baba akinikabidhi blanketi la kaka yangu kwa uso wa mtu anayekabidhi hati ya mashtaka. Kwa wale wanaonikuta leo, nitapanga mambo kwa utaratibu, maana utaratibu ndio mali pekee niliyorudi nayo kutoka chuoni.

Naitwa Motlatsi, mwanachuo wa mwaka wa pili wa ualimu. Nilipanda milimani kwa likizo ya baridi nikidhani nitakula, nitalala, na nitasoma saikolojia ya mtoto. Basi likakwama kwenye theluji, nikatembea saa sita na sanduku kichwani. Nilipofika, nikakuta kitanda changu kimepewa wanakondoo wawili waliofiwa na mama yao. Hadi leo wanakondoo hao wanaamini kwamba mgeni ni mimi.

Kaka yangu Tankiso anafanya kazi mgodini, ng'ambo ya mpaka. Tangu Pasaka hakuleta neno. Mkewe, shemeji Puseletso, alikwenda kujifungua kwao, kijiji cha Ha Phohla, kama kila mke wa kwetu afanyavyo kwa uzazi wa kwanza. Na habari ya mzaliwa wa kwanza kwetu haipigiwi simu. Wakwe hutuma wanawake wawili, nao humvizia baba wa mtoto. Akimwagiwa maji, amepata binti. Akichapwa fimbo, amepata mwana.

Tatizo lilikuwa moja tu. Baba wa mtoto hakuwepo, na hakuna aliyejua yuko wapi.

"Hata mwendo mnafanana," baba alisema, akinifunika blanketi mabegani. "Utakaa pale zizini. Wakija, utapokea kitakachokuja."

"Lakini baba, huo ni uongo."

"Uongo ni maneno. Nani kakwambia useme? Wewe kaa kimya."

"Watanitambua."

"Mkwe hamkodolei macho mkwe. Wataona blanketi, watafanya kazi yao, watakula, watakwenda."

Nilimgeukia mama, kwa kuwa nilizoea kupata haki yangu upande ule. Mama alikuwa akivunja samadi kavu ya kuwashia moto, na hakuinua kichwa.

"Wakijua mume hajulikani alipo, watamzuia Puseletso kulekule na mtoto wake," alisema. "Mimi mjukuu wangu nitamwona wapi? Kwenye picha?"

"Na Tankiso akirudi?"

"Akirudi," baba alisema, "atakuta ameshachapwa. Atashukuru."

Basi nikavaa. Blanketi lilifungwa kwa pini begani kama Tankiso alivyolifunga, kofia yake ya sufu ikashushwa hadi kwenye nyusi, na shali ikazungushwa mdomoni. Kwa kuwa sauti yangu si nzito kama yake, baba alitangaza kwamba nina jino linaloniuma.

Siku tatu nilikaa ukutani mwa zizi nikiwa kaka yangu. Siku ya kwanza jirani yetu Seutloali, ambaye husikia harufu ya habari kabla haijapikwa, alisimama mbele yangu akanikagua.

"Tankiso! Umerudi lini?"

Nilishika shavu.

"Ana jino," baba alijibu kutoka mlangoni.

"Pole. Mbona kama mgodi umemfupisha?"

"Kazi ya kuinama hiyo. Wewe hujawahi kuinama, utajuaje?"

"Na yule mwalimu wako je, yule mdogo?"

"Kaenda kusoma."

Hilo halikuwa uongo. Ndani ya blanketi nilikuwa na kitabu, sura ya nne, *Mtoto na Tabia ya Kusema Kweli*.

Hapa sina budi kuungama jambo ambalo sikuligusa majuma yaliyopita, kwa sababu bila hilo msomaji hataelewa adhabu iliyonipata.

Chuoni mimi ni kiranja wa darasa. Ninashika daftari la mahudhurio, na ninalipenda kuliko inavyofaa. Aliyepo ninamtilia alama ya vema, asiyekuwepo ninamchorea duara jekundu. Mwezi wa tatu, binti mmoja aitwaye Nthofeela aliitika jina la rafiki yake aliyekuwa amelala na homa. Alikaza sauti akasema, "Nipo." Darasa zima lilinyamaza. Mimi nikamwandika.

Aliamriwa kusoma barua ya msamaha mbele ya chuo kizima. Niliketi mstari wa mbele nimenyoosha tai. Jambo ambalo sikuliandika popote ni kwamba binti huyo alikuwa akinipendeza kuliko wote waliokuwa katika daftari lile. Tangu siku hiyo aliniamkia kama mtu anavyoamkia kaburi.

Sasa turudi zizini.

Asubuhi ya siku ya nne umande ulikuwa umeganda juu ya mawe, na ng'ombe walitoa moshi puani. Nilikuwa nimefika ukurasa unaosema mtoto hujifunza uongo kwa kuwatazama wakubwa wake. Ndipo fimbo iliponishukia mgongoni.

"Mwana!" sauti ya mwanamke ilipazwa nyuma yangu. "Nyumba ya Ramatla, mmepata mwana!"

Mama alipiga vigelegele kutoka jikoni. Baba alitoka mbio na kiatu kimoja mguuni.

Desturi ninayoijua mimi ni kipigo kimoja cha kuonjesha, watu wacheke, mambo yaishe. Huyu hakuonjesha. Fimbo ya pili ikaja, ya tatu, ya nne. Ya tano ilitafuta mahali ambapo zile nne hazikufika. Aliyeishika alikuwa mama mnene wa makamo, shangazi yake Puseletso, aitwaye Mama Mojalefa. Alichapa kwa utulivu mkubwa.

"Mama mkwe," baba alicheka, machozi ya furaha yakimtoka, "huyo mwana mna hakika ni mmoja tu?"

"Ngoja kwanza," alisema Mama Mojalefa.

Niligeuka kutazama ninachotakiwa kungoja. Ndoo nzima ya maji ya kisima ilinipiga usoni, na vipande vya barafu ndani yake.

"Na binti!" ilisema sauti nyingine.

Walikuwa mapacha.

Vigelegele vya mama vilikatika katikati, vikaanza upya maradufu. Seutloali alikuwa ameshapanda juu ya ukuta wake.

"Wawili!" alipiga kelele kwa kijiji. "Wawili, na jino linamuuma!"

Mimi sikuwa nikisikia jino. Maji yalikuwa yameingia kifuani, yameshuka tumboni, na yalikuwa yakiendelea na safari. Nilifuta macho nimwone aliyeishika ndoo.

Alikuwa Nthofeela.

Harusi ya kaka ilifanyika nikiwa kwenye mitihani. Ndugu za shemeji sikuwahi kuwaona hata mmoja. Nililijua jina lake, nilizijua siku zake zote za kuhudhuria, lakini sikujua kwamba ni mdogo wake Puseletso. Yeye, kwa dalili zote, alijua mimi ni nani siku nyingi.

Hakutazama chini kama mkwe. Alinitazama katikati ya macho.

"Hongera, shemeji," alisema.

"Ahsante," nilijibu.

Nilijibu kwa sauti yangu safi ya kiranja. Baba alinikanyaga mguu.

Mama alinivuta ndani, akanivalisha blanketi kavu la baba, kisha akanitoa tena nje na lile lililolowa. Blanketi la sufu likinywa maji halikamuliki na mtu mmoja. Huhitaji wawili, kila mmoja upande wake, wakilisokota kinyume.

"Shemeji yako atakusaidia," alisema mama, akatukabidhi blanketi kama mtu anayetoa zawadi.

Tulishika kila mmoja pembe zake. Nthofeela alianza kusokota.

"Kiranja," alisema polepole.

"Mimi ni Tankiso."

"Aha. Tankiso Ramatla?"

Nilikaza pembe zangu za blanketi.

"Jina likiitwa, mtu huitika," alisema. "Tankiso Ramatla?"

"Nipo."

"Vizuri sana. Hata mimi niliitika vizuri kama hivyo. Rafiki yangu alikuwa anatetemeka kitandani kwa homa, ukanichorea."

"Ilikuwa kanuni."

"Na hii?"

"Hii ni familia."

"Kumbe familia haina daftari." Alikaza mkono, maji yakachuruzika juu ya viatu vyangu. "Nilisoma ile barua mistari kumi na minane. Wewe ulikuwa unahesabu, niliona midomo yako."

Ni kweli, nilikuwa nikihesabu. Amri ya chuo ilisema mistari ishirini.

"Nthofeela, unaweza kunicheka mwaka mzima," nilisema. "Lakini ukiwaambia kwenu kwamba Tankiso hayupo, mama yangu hatawaona wale watoto. Nakuomba."

Aliacha kusokota. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipoteza dhihaka.

"Niwaambie nini? Wanajua."

"Nani wanajua?"

"Wote. Tankiso yuko kwetu."

Pembe ya blanketi ilinitoka mkononi.

"Okota, mama yako anatazama," alisema. "Wiki ya tatu hii. Analala kwenye chumba cha matandiko ya farasi. Mgodi ulipunguza watu tangu Pasaka, naye akiwamo. Alitafuta kazi nyingine hadi akachoka, akaja kwa miguu, hana hata blanketi. Anasema kilima cha kwenu hawezi kukipanda. Baba yako amekwishaambia kila mtu kwamba mwanawe anarudi na mabati."

Nilitazama upande wa pili wa uwanja. Nyumba mpya ya baba ilisimama pale, kuta nne za mawe, milango miwili, bila paa. Kila mpita njia tangu mwaka jana alionyeshwa kuta zile na kuambiwa mabati yako njiani.

"Kama mnajua yuko kwenu," niliuliza, "mmekuja kumchapa nani?"

"Hatukuja kuchapa. Shangazi alikuja kumchukua baba yako faraghani amwambie taratibu: mwanao ni mzima, ana aibu, mwiteni. Fimbo alibeba kwa ajili ya desturi, aiweke mlangoni. Ile ndoo niliazima kisimani kwa ajili hiyohiyo, ningeimwaga kizingitini. Tulipofika juu pale, tukamwona Tankiso amekaa zizini anasoma kitabu."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alitupa ile fimbo, akakata nyingine."

Mgongo wangu ulithibitisha maelezo hayo.

"Atamwambia baba?"

"Shangazi huwa hasemi," Nthofeela alijibu, akinipokonya blanketi na kulitandaza juu ya ukuta. "Shangazi huuliza."

Nilikwenda mbio kumtafuta baba kabla ya chakula. Nilimkuta ameketi kati ya majirani, Seutloali akiwa ubavuni, chungu cha pombe ya mtama mbele yao, nyama imejaa sinia.

"Baba, neno moja. Nje."

"Jino, Tankiso," alisema huku akitabasamu kwa meno yote. "Jino."

"Baba, ni jambo la—"

"Utalitonesha! Keti."

Nikaketi. Mama aligawa ugali na mboga, kila mtu akampa mkono baba wa mapacha, na baba wa mapacha alikuwa mimi. Baba akasimama na kibuyu mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, "mnamwona huyu. Mgodi umemwachia siku chache tu, kwa heshima ya watoto wake. Wakubwa zake kule hawapendi aondoke hata kidogo. Na mabati, naomba niwahakikishie, yako njiani."

"Njia hiyo ni ndefu," alinong'ona Seutloali, kwa sauti ya kusikika nyumba tatu.

Watu walicheka. Mama Mojalefa hakucheka. Alitafuna kipande chake cha nyama hadi kikaisha, akafuta vidole kimoja kimoja, akajifunga blanketi vizuri kifuani.

"Mkwe," alimwambia baba, "tumepokewa vizuri. Tumekula. Hatuna lawama hata ya chumvi. Nina swali dogo tu, kisha tuandike majina ya watoto ambayo nyumba hii itawapa, tuondoke kabla theluji haijafunga njia."

"Uliza, mama, uliza. Hapa ni kwenu."

"Kwetu kuna mgeni."

Nilihisi maji ya ndoo yakirudi kifuani, ingawa nilikuwa nimekauka.

"Alikuja kwa miguu, wiki tatu sasa. Baridi hii unayoiona, naye hana blanketi. Anapasua kuni, anachota maji, watoto wakilia yeye ndiye wa kwanza kusimama mlangoni, japo desturi haimruhusu kuingia. Anasema ni mtoto wa nyumba hii. Anasema jina lake ni Tankiso. Sisi wanawake tu, tukamwamini, tukampa uji. Leo tumefika hapa tumemkuta Tankiso, mzima, ameketi, ana jino. Basi nauliza, mkwe. Yule ni nani?"

Hakuna aliyetafuna.

"Tapeli!" alisema Seutloali. "Afukuzwe!"

Nilimtazama baba. Kibuyu kilikuwa kimeinama mkononi mwake, pombe ikidondokea goti lake, wala hakuiona. Alikuwa ameelewa. Mtu angeweza kuusoma uelewa huo usoni mwake mstari kwa mstari, na angeweza pia kumwona akiufunga haraka kama kitabu.

"Dunia imejaa matapeli," alisema.

"Kwa hiyo tumfukuze?"

Baba alifungua mdomo. Majirani wote walikuwa wakimtazama, na nyuma yao, mlangoni, zilionekana kuta nne zisizo na paa.

"Hana blanketi?" Mama alikuwa amesimama, upawa mkononi. Hakumuuliza yeyote aliyekuwa mle ndani. "Katika baridi hii? Hana hata moja?"

"Hana, mama," alijibu Mama Mojalefa, na mara hii sauti yake ilikuwa laini. "Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Nyumba ikisema si wake, tutamwondoa leo hii, aende anakokwenda. Ikisema ni wake, aje kesho na mkewe na watoto wake wawili, apandishe kilima mchana, kila mtu akimwona. Lakini neno hilo lisitoke kwa mkwe wangu, maana yeye ana wageni. Watoto ni wa Tankiso. Atasema Tankiso mwenyewe."

Macho yote yalihama kutoka kwa baba yakaja kwangu.

"Nthofeela," alisema Mama Mojalefa, "andika."

Nthofeela alitoa daftari lililokuwa limeletwa kwa ajili ya majina ya watoto. Alilifungua ukurasa mtupu, akaandika mstari mmoja, akalaza kalamu juu ya nafasi iliyobaki pembeni. Nilikuwa nimeketi karibu kiasi cha kuona. Nafasi ile ni ya alama ya vema au ya duara. Mpango huo niliubuni mimi.

"Tankiso Ramatla?" aliita.

Chuoni, jina likiitwa, mtu husimama. Miguu yangu ilisimama bila kuniuliza. Blanketi nililovaa lilikuwa la baba, kofia ilikuwa ya kaka yangu, na jino, ambalo kwa siku nne halikuwahi kuwepo, lilianza kuniuma kweli.

Kama ningesema nipo, kaka yangu angetolewa kwenye chumba cha matandiko kabla jua halijazama, na mama hangewaona wale wawili. Kama ningenyamaza, baba angebaki amesimama mbele ya Seutloali na uongo wake mkononi, na kijiji chetu kina kumbukumbu ndefu.

"Tankiso Ramatla?" Nthofeela aliita tena. Safari hii hakuwa na dhihaka. Alinitazama kama mtu anayeomba.

Baba aliweka kibuyu chini. Alichukua muda mrefu kukipatia mahali pa kusimama.

"Itika, mwanangu," alisema, wala hakusema ni mwana yupi.